Ukurasa wa kwanza wa daftari la mazoezi haupambwi siku ya kwanza

"Mwalimu, daftari tumeshanunua, ila bado anamalizia kupamba ukurasa wa mbele. Mazoezi ataanza wiki ijayo." Kila muhula ukianza napokea maneno haya, kwa simu, kwa WhatsApp, hata nje ya kanisa watu wakiwa wanasalimiana baada ya ibada, na mzazi huyasema kwa uso wa mtu anayeleta habari njema. Nafundisha kinanda na gitaa hapa Moshi, daftari lenyewe ni la kuandikia mazoezi ya muziki, na "sawa mama, hakuna shida" imeniisha mdomoni. Shida ipo, na nyingi inatokana na mambo ambayo watu wanayaamini kuhusu ukurasa huo mmoja.

Dhana: Ukurasa wa kwanza ukipendeza, mtoto atapenda mazoezi

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mtoto anapewa Jumamosi nzima na maka peni za rangi kumi na mbili. Anachora ufunguo mkubwa wa G (ile alama ya kujipinda inayoanza mstari wa nota), maua, jina lake kwa herufi za kivuli. Kweli inapendeza. Halafu anafungua ukurasa wa pili na mkono unasita, maana mazoezi ya muziki ni kazi ya kuchafua: unaandika namba za vidole, unafuta, unagundua kidole cha tatu hakifiki, unakata, unaandika upya, unazungushia duara kipimo (kisehemu cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima) kinachokushinda. Aliyetengeneza kitu kizuri hataki kukiharibu kwa mwandiko wa haraka. Basi anaanza kuandika kwenye vikaratasi vya pembeni, vikaratasi vinapotea, na mwisho wa muhula naletewa daftari safi kabisa. Daftari la mazoezi ni sawa na ovaroli ya fundi gereji: likibaki jeupe, ujue hakuna gari lililoguswa.

Baba mmoja alinijibu, "Lakini mwalimu, kizuri chajiuza." Sokoni Mbuyuni, ndiyo. Daftari halimuuzii mtu chochote.

Kinachomfanya mtoto apende mazoezi ni kusikia kwa masikio yake kwamba mahali palipomshinda Jumatatu, Alhamisi pamelainika. Na hilo linategemea namna anavyoshughulika na makosa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi 17 wa piano. Kila mmoja alipewa kipande kimoja kifupi kigumu ajifunze, kisha akakipiga tena kesho yake. Waliokipiga vizuri zaidi hawakuwa waliokaa muda mrefu, wala waliorudia mara nyingi. Walikuwa wale wanaokamata kosa mapema, wanajua liko wapi hasa, wanapunguza kasi na kulirudia hadi limekwisha. Kazi ya daftari ni hiyo: kushika makosa. Ukurasa unaofunguka wa kwanza kila siku ungefaa usaidie kazi hiyo.

Kwa anayedhani huu ni ukali wangu tu, aangalie alivyofanya Johann Sebastian Bach. Tarehe 22 Januari 1720 alimfungulia mwanawe Wilhelm Friedemann daftari la kujifunzia kinanda. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Baada ya jina la daftari, kilichofuata ni maelezo ya funguo na majina ya nota, kisha jedwali la trilo (kupiga nota mbili jirani kwa kupokezana haraka) na madoido mengine yanavyoandikwa na yanavyopigwa, kisha kipande kifupi kilichoandikiwa namba za vidole. Hakuna ua hata moja lililohitajika. Bach hakuwa mtu asiyependa vitu vizuri: daftari la mke wake, Anna Magdalena, la mwaka 1725, lilikuwa na herufi za jina lake na mwaka kwa rangi ya dhahabu. Lakini urembo huo ulikaa kwenye jalada. Nami nasema hivyo hivyo: pambeni jalada mpaka mchoke, livisheni daftari kitenge mkitaka.

Utaratibu wangu ni huu, na wanafunzi wangu wanaujua kwa kichwa. Daftari jipya unaliacha karatasi ya kwanza tupu, unaanzia ukurasa wa tatu, siku ile ile liliponunuliwa. Unafanya mazoezi mwezi mmoja. Katika mwezi huo utajikuta kuna vitu unavirudia kuvitafuta: mpangilio wa shapu (alama za kupandisha nota nusu sauti), vidole vya skeli fulani (ngazi ya nota zinazopanda na kushuka), neno la Kiitaliano ambalo halikai kichwani. Vitu hivyo, na hivyo tu, ndivyo vinavyohamia ukurasa wa kwanza. Kwa anayeanza, kawaida huwa ni mistari mitano yenye majina ya nota, mpangilio wa shapu (F C G D A E B) na wa flati (alama za kushusha nota nusu sauti), ambao ni ule ule ukisomwa kinyume (B E A D G C F). Kwa watoto wa kwaya waliozoea solfa (do, re, mi), mimi nataka jedwali dogo la kuwavusha, la kuhesabu alama zilizo mwanzoni mwa mstari wa nota: shapu moja, Do ni G, mbili, Do ni D, tatu, Do ni A, nne, Do ni E. Flati moja, Do ni F. Mbili, Do ni B flati. Tatu, Do ni E flati. Mtoto mwenye jedwali hilo mbele yake hababaiki akikabidhiwa kitabu cha nota badala ya karatasi ya kwaya iliyoandikwa "Do = G" juu.

Wanaojiandaa kwa mtihani wa ABRSM (bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki), ule wa mbele ya mtahini na si ule wa kutuma video, wana jambo moja zaidi la kuandika hapo, na wazazi nao walisome. Alama ni 150, kufaulu ni 100. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, yaani 90. Skeli zina 21, kusoma nota papo kwa papo 21, kusikiliza 18. Piga hesabu mwenyewe: mtoto akipata vipande vyote bila kukosa hata alama moja, bado hajafaulu. Hata hivyo kila mwaka naletewa mtoto ambaye ukurasa wake wa kwanza una majina ya vipande vitatu kwa herufi za kupendeza, na skeli hazijatajwa popote.

Dhana: Nota za kuchora ni urembo tu, haziwezi kuwa na kosa

Zina kosa, na mtoto analitazama kosa hilo kila siku mpaka linakuwa sahihi machoni pake. Michoro mingi inanakiliwa kutoka Pinterest, na waliochora kule wengi hawasomi muziki. Mistari ya nota ni mitano, lakini nimeona upinde wa mistari minne, nimeona stika ya mistari sita. Ufunguo wa G unaelea popote mchoraji alipopata nafasi, wakati kazi yake yote ni kuzungukia mstari wa pili kutoka chini na kutuambia G ndipo inapokaa. Ufunguo wa F unakosa nukta zake mbili, moja juu na moja chini ya mstari wa nne, au nukta zinawekwa kama vifungo vya shati. Nota yenye kijiti kinachopanda inachorewa kijiti kushoto. Mahali pake ni kulia, na kikishuka ndipo kinakaa kushoto. Bendera, kijiti kipande au kishuke, huangukia kulia siku zote.

Kama lazima mchore nota, chukueni kipimo kimoja halisi kutoka wimbo anaoujifunza mtoto, mkinakili jinsi kilivyo. Hapo hata kupamba kunakuwa zoezi la kuandika nota, na nitanyamaza.

Dhana: Maka peni inang'aa zaidi, kwa hiyo inafaa zaidi

Karatasi ya daftari la kawaida la steshenari ni nyepesi. Wino wa maka unapenya na kutokeza madoa upande wa pili, pale pale mtoto anapoandika nota zake za kwanza. Kwenye muziki doa si jambo dogo: nukta baada ya nota inaiongezea nusu ya urefu wake, nukta juu au chini ya kichwa cha nota inaagiza ipigwe kwa kukatwa. Nimewahi kumsikiliza mtoto akipiga doa, kwa uaminifu kabisa. Tumieni penseli. Za rangi zinaruhusiwa.

Dhana: Vumbi la kumetameta halina madhara

Linadondoka. Daftari linakaa juu ya kinanda, vumbi linaingia kati ya vibonye, na chini ya vibonye vya kinanda cha umeme kuna raba ndogo zinazogusana na bodi ili sauti itoke. Uchafu ukifika hapo, kibonye kinagoma, au kinalia kwa nguvu ambayo hukuiomba. Vumbi la Moshi la Januari na Februari linatutosha. Fundi akifungua kinanda atataka hela, na atakuwa na haki.

Dhana: Kila nota ikipewa rangi yake, mtoto atajifunza kusoma haraka

Atajifunza kusoma rangi. Vitabu vimechapwa kwa wino mweusi, na mtahini hatakuja na krayoni. Kwa watoto wa kwaya ni balaa zaidi: Do iliyopakwa nyekundu kwenye kibonye cha C inahamia F kwenye wimbo wa Jumapili hii na A flati kwenye wa Jumapili ijayo, na rangi haihami nayo.

Dhana: Lazima pawe na lengo kubwa

"Nitakuwa mpiga kinanda bora Tanzania." Amina. Sina ugomvi na lengo hilo, wala na Zaburi ya 150 ambayo nusu ya wanafunzi wangu wameiandika. Ila andikeni pia saa na mahali: saa 12 jioni, sebuleni, kabla ya kuoga. Na chini yake andikeni kinachofanyika umeme ukikatika, maana utakatika: kupiga makofi ya mapigo ya kipande kwa kuhesabu kwa sauti, kuimba nota kwa solfa, kupitisha vidole juu ya meza. Mtoto ambaye mpango wa giza haujaandikwa anahesabu giza kama likizo.

Dhana: Dada yake ana mkono mzuri, atamchorea

Basi dada aje yeye kwenye kipindi.

Kwa walioshapamba na sasa mtoto anaogopa kugusa: msichane karatasi, atalia na mtanitaja mimi. Geuzeni daftari, la nyuma liwe mbele, karatasi ya kwanza ya upande huo iachwe tupu, aanzie inayofuata leo jioni.