Hulipi asilimia 2.5 ya hewa ukaa: makosa ya waagizaji kuhusu CBAM

Tangu tarehe 1 Januari 2026, chini ya CBAM, yaani mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kutoza hewa ukaa mpakani, anayeingiza chuma, aluminiamu, saruji, mbolea, haidrojeni au umeme katika Umoja huo anadaiwa gharama ya hewa ukaa iliyotolewa wakati wa uzalishaji. Sheria inasomeka, lakini waagizaji wanaendelea kupangia bei mambo ambayo haisemi. Linaloumiza zaidi ni hili la kwanza.

"Mwaka huu wa kwanza tunalipa asilimia 2.5 tu."

Sivyo. Asilimia 2.5 ni sehemu inayopunguzwa mwaka 2026 kwenye mgao wa bure ambao viwanda vya Ulaya hupewa, yaani vibali vya kutoa hewa ukaa bila kulipia. Itakuwa 5 mwaka 2027, 10 mwaka 2028, 48.5 mwaka 2030, na mwaka 2034 mgao utakuwa umekwisha kabisa. Mgao wenyewe hupimwa kwa kigezo cha kiwanda kinachochafua kidogo, wala hautegemei hewa ukaa ya kiwanda unakonunua. Kwa hiyo hesabu ni: hewa ukaa ya bidhaa yako, toa asilimia 97.5 ya kigezo. Kinachobaki unakilipia chote.

Tuchukue tarakimu za mfano. Bidhaa ina tani 2.2 za hewa ukaa kwa kila tani, na kigezo ni 1.4. Asilimia 97.5 ya 1.4 ni 1.365. Ukitoa, inabaki 0.835. Mzigo wa tani 1,000 unadai vyeti 835, kwani cheti kimoja hulipia tani moja ya hewa ukaa. Aliyepiga hesabu ya asilimia 2.5 ya 2.2 alitenga pesa za vyeti 55. Cheti kikiwa yuro 75, yeye ameweka yuro 4,125 na deni ni yuro 62,625. Bidhaa imeshauzwa, na tofauti hiyo hakuna mteja atakayeilipa.

Kosa hili huzaa jingine: kwamba kiwanda kisipotoa takwimu, utatumia viwango vya makadirio vilivyowekwa na Kamisheni ya Ulaya na hasara itakuwa ndogo. Viwango hivyo huongezewa asilimia 10 mwaka 2026, 20 mwaka 2027, na 30 kuanzia 2028. Mbolea pekee ndiyo huongezewa asilimia 1. Sasa angalia nyongeza inaangukia wapi. Tuseme kiwango cha Kamisheni ni 2.2 ile ile na kigezo hakijabadilika. Nyongeza inakifikisha 2.42, toa 1.365, inabaki 1.055. Vyeti vinapanda kutoka 835 hadi 1,055. Nyongeza ya asilimia 10 imeongeza bili kwa asilimia 26, kwa sababu kigezo hakipandi pamoja nayo.

Basi takwimu zidai kabla ya kusaini oda, si baada ya meli kuondoka. Ndani ya mkataba andika kwamba kiwanda kitakupa hewa ukaa kwa kila tani, njia ya uzalishaji (hiyo ndiyo huamua kigezo), takwimu za malighafi kama bileti (vipande vya chuma ambavyo havijaundwa bidhaa) zilizonunuliwa kwingine, na ripoti ya mhakiki aliyeidhinishwa. Bila ripoti hiyo takwimu halisi hazikubaliki, hata ziwe sahihi namna gani. Zuia sehemu ya malipo mpaka ripoti ifike. Barua pepe za kubembeleza hazisaidii.

"Tani 50 za msamaha ni kwa kila shehena." Msamaha huu, wa kutodaiwa usipovuka tani 50, ni kwa kila mwagizaji, kwa mwaka mzima wa kalenda, ukijumlisha chuma, aluminiamu, mbolea na saruji zote. Ni uzito wa bidhaa, si wa hewa ukaa. Umeme na haidrojeni havina msamaha huu. Ukivuka kikomo mwezi Novemba, unadaiwa tangu tani ya kwanza ya Januari. Kugawa mizigo kati ya kampuni zako ili kila moja ibaki chini ya 50 ni ukwepaji, na sheria imeutaja.

"Vyeti havijaanza kuuzwa, kwa hiyo bado." Vinaanza kuuzwa tarehe 1 Februari 2027, lakini vya kwanza ni vya mizigo ya 2026, kwa bei ya wastani ya robo mwaka ambamo mzigo uliingia. Tamko la hewa ukaa ya mizigo hiyo linatakiwa kufikia tarehe 30 Septemba 2027. Deni linakua kila kontena linapotoka bandarini.

"Kiwanda kimefunga sola, bili ya chuma itashuka." Kwa chuma na aluminiamu, hewa ukaa ya umeme unaotumika kiwandani haihesabiwi. Inahesabiwa kwa saruji na mbolea.

"Tunapitishia Uswisi." Uswisi imesamehewa kwa bidhaa zenye asili ya Uswisi. Koili ya chuma iliyoviringishwa India inabaki ya India hata ikikaa ghalani Basel mwaka mzima.

"Sisi si watu wa chuma, tunaleta bolti na nati." Bolti, nati na skrubu za chuma zimo kwenye orodha. Angalia msimbo wa bidhaa kwenye tamko lako la forodha, usiangalie jina lililo kwenye ankara. Kontena tatu zilizojaa skrubu zinatosha kukuvusha tani 50, na kabla hujavuka lazima uwe umeidhinishwa kama mtoa tamko wa CBAM. Anayevuka bila idhini hutozwa faini mara tatu hadi tano ya ile ya kawaida, ambayo msingi wake ni yuro 100 kwa kila tani ya hewa ukaa isiyolipiwa, ikipandishwa kufuata mfumuko wa bei.