Mwenye njaa hana miiko? Dhana potofu kuhusu wanaosita kupokea chakula cha msaada

Mama mmoja alikuja siku ya ugawaji, akawa wa mwisho kwenye foleni. Alipewa mfuko wake kama wengine, akashukuru, kisha akasogea pembeni, akafungua mkoba aliokuja nao na kuanza kuhamisha vitu: unga, mafuta, sukari, sabuni. Kimoja kimoja. Alipomaliza akaukunja vizuri mfuko wetu, ule wenye maandishi makubwa ya "MSAADA KWA KAYA MASKINI", akaurudisha mezani. Kijana tuliyekuwa tunagawa naye akaninong'oneza kwamba huyu ana maringo. Nikamuuliza mama kama mfuko umetoboka.

"Hapana, mwanangu. Ila nyumbani kuna watoto wanaojua kusoma."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio kwa yale tunayoyasema sisi tunaogawa kuhusu wale wasiokuja, au wanaofika karibu kisha wakageuka. Mengi si kweli, na mengine yanawaumiza watu. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia.

Dhana: "Angekuwa na njaa kweli, angechukua"

Hapa ndipo tunapopenda kusema kwamba mwenye njaa hana miiko. Tunamwazia mtu aliyekonda, nguo zimechakaa, mkono ameunyoosha. Asiyefanana na picha hiyo tunaamini anazo zake nyumbani.

Lakini njaa huingia nyumbani kwa ngazi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hupima uhaba wa chakula kwa maswali 8, na swali la kwanza halihusu tumbo kabisa. Linauliza kama mtu amewahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha. Baada ya hapo ndipo maswali yanateremka: kama ameshindwa kula chakula chenye lishe, kama amekula aina chache tu, kama ameruka mlo, kama amekula kidogo kuliko alivyohitaji, kama chakula kimeisha nyumbani, kama ameona njaa asile, na la mwisho, kama ameshinda siku nzima bila kutia kitu mdomoni. Mtu anaweza kujibu ndiyo mara tano na bado ukakutana naye asubuhi nguo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, anakusalimia kwa tabasamu. Wazazi wengi hupunguza sahani zao kwanza ili za watoto zibaki kama zilivyokuwa. Mtoto ukimwona ana afya, bado hujajua mama yake amelalia nini.

Kurani ina aya inayowaelezea watu hawa, ya 273 ya Sura Al-Baqara: asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao, wala hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Aya hiyo inataka watafutwe na kutambuliwa kwa alama zao. Sisi tumegeuza mambo, tumekaa nyuma ya meza tukisubiri waje wajitangaze.

Dhana: "Huyo ni maskini jeuri"

Neno hili husemwa kwa kicheko, na likishasemwa mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza tena kwa nini.

Mimi nadhani anayesita ana hesabu zake, na mara nyingi ni hesabu sahihi. Mtu aliyewahi kulishwa kisha akasimangwa anajua vizuri anachokikwepa. Masimango hayaji siku ya kupokea. Huja miezi mingi baadaye, siku watoto wamepigana au kumetokea ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mtu akasimama mbele za watu na kusema, "Wewe si ndiye tuliyekulisha?" Unga ulishaliwa zamani, ila maneno yapo palepale. Anayekuja kwenye meza yetu anautazama mfuko, halafu anatutazama sisi: huyu anayenipa ni mtu wa kunyamaza?

Aibu hii haina kabila wala nchi. Robert Walker wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walizungumza na watu wanaoishi katika umaskini katika nchi 7 zisizofanana hata kidogo: Uganda, India, Pakistan, China, Korea Kusini, Uingereza na Norway. Matokeo yao yalitoka mwaka 2013. Viwango vya maisha vilipishana sana, maana maskini wa Norway ana paa, umeme na huduma ambazo maskini wa kwingine hajawahi kuziota. Aibu ilikutwa kote. Kote watu walijificha, walijitenga na ndugu na marafiki, walijifanya mambo yao ni mazuri. Na kote aibu ile ilikuwa na pande mbili: ile mtu anayoihisi mwenyewe moyoni, na ile anayotiwa na wengine, wakiwemo wanaompa msaada.

Upande huo wa pili ndio ulio mikononi mwetu.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayepokea asiweze kurudisha hubaki chini ya mtoaji. Tangu nilipolielewa hilo nimeacha kushangaa kwa nini mtu yuleyule anayekataa mfuko wa unga hufurahi ukimwomba akusaidie kupanga maboksi nusu saa, kisha mkagawana kilichopo. Unga ni uleule. Safari hii ametoa kitu.

Halafu kuna picha. Watoaji wanataka picha, na wafadhili wanaziomba ili wajue mali imefika. Basi mtu aliyekuja kutafuta mlo wa jioni anaambiwa ashike mfuko kifuani, atazame kamera, atabasamu. Picha ile itazunguka kwenye simu za watu anaoishi nao, na za wanaosoma na watoto wake. Kanuni za Maadili za Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na mashirika mengine ya misaada, za mwaka 1994, zinasema wazi katika kipengele cha 10 kwamba waathirika wa maafa waonyeshwe kama binadamu wenye heshima zao, wasionyeshwe kama vitu visivyo na tumaini. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado nimeshuhudia mtu akinyang'anywa zamu yake kwenye foleni kwa sababu alifunika uso. Aliondoka mikono mitupu. Jioni yake nilisikia akiitwa jeuri.

Dhana: "Mwenye shida hachagui"

Chukua maharage makavu. Ni chakula kizuri, kinakaa muda mrefu, na kila mtoaji anayapenda. Lakini maharage yanataka saa kadhaa za moto. Mwenye chumba kisicho na jiko, au ambaye gesi imemwishia na hana pa kupata nyingine, anayapokea kama mawe. Anaposema "hayo nawaachia wengine" tunasikia maringo, kumbe anatwambia hana moto.

Na kuna mengine anayoyajua mwenye mwili wake. Mgonjwa wa kisukari hawezi kuishi kwa sukari na unga mweupe. Watu wazima walio wengi duniani hawasagi vizuri sukari iliyo kwenye maziwa, wengine wakiyanywa huharisha. Mwenye mzio wa karanga anaweza kupoteza uhai. Muislamu au Myahudi hatapokea nguruwe, na Wahindu wengi hawagusi nyama ya ng'ombe, hata kama kopo ni la bure. Kushika dini yako wakati mfuko umejaa ni rahisi. Huyu anaishika wakati hana kitu, nasi tunamwona mkorofi.

Kuna hata chakula ambacho kukisita ni busara tupu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga huonekana kama zawadi ya huruma kuliko zote, lakini penye maji yasiyo salama chupa inaweza kumletea mtoto kuhara kwa hatari, na mama akiacha kunyonyesha maziwa yake hupungua. Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 iliyopitishwa kupitia Shirika la Afya Duniani, WHO, iliwekwa ili kudhibiti uuzaji na ugawaji wa maziwa hayo. Mama anayeyakataa hajakosa shukrani.

Tulianza kuuliza kabla ya kufunga mifuko: una jiko? kuna mgonjwa nyumbani? kuna usichokula? Maswali matatu tu, na vilivyokuwa vinaachwa mezani vikapungua.

Dhana: "Chakula cha bure ni kile kilichoharibika"

Hii ni ya upande wa pili, ya wanaopokea, na haikutoka hewani. Wapo wanaotoa wasichoweza kula wenyewe, kopo limevimba, unga umeingia wadudu. Aliyewahi kupewa hivyo ana haki ya kuukagua mfuko mbele yako, na wewe mgawaji usinune.

Ila kwa sehemu kubwa dhana yenyewe si kweli. Benki ya chakula ya kwanza, yaani ghala la kukusanya chakula cha kuwagawia wahitaji, ilianzishwa na John van Hengel mwaka 1967 mjini Phoenix, Arizona, kwa chakula kinacholika ambacho vinginevyo kingetupwa. Kinachotupwa duniani ni kingi mno: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea majumbani, kwenye migahawa na madukani, karibu sehemu moja ya tano ya chakula kilichowafikia walaji. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 inayoyakataza maduka makubwa kuharibu kwa makusudi chakula kisichouzika ambacho bado kinalika, na kuyataka yawe na mikataba ya kukitoa kwa mashirika ya hisani.

Tarehe nazo huwachanganya wengi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria inatofautisha maandishi ya aina mbili. Yale yanayosema chakula kitumike kabla ya siku fulani yanahusu usalama, kama ya nyama mbichi au samaki. Siku hiyo ikipita, usile na usimpe mtu. Yale yanayosema chakula kiko katika ubora wake kabla ya siku fulani yanahusu ladha na mwonekano. Tambi au mchele uliopita tarehe hiyo, pakiti ikiwa nzima na kavu, kwa kawaida bado unalika. Mgawaji akimweleza mtu hili kwa utulivu kabla hajaondoka, anampunguzia wasiwasi wa kuila sahani hiyo akiwa na mashaka.

Dhana: "Anayeogopa kuandikwa jina ana la kuficha"

Huenda analo, na halikuhusu. Mhamiaji anaogopa orodha itafika mamlaka za uhamiaji. Mama anayelea peke yake anaogopa kuonekana ameshindwa kulisha, wakaja kumchukulia watoto. Mwingine aliwahi kupewa chakula, akarudiwa wakati wa uchaguzi kudaiwa kura. Kanuni zilezile za 1994 zinakataza msaada kutumiwa kusukuma mbele msimamo wa kisiasa au wa kidini. Waambie watu daftari linaandikwa nini, nani atalisoma na litatunzwa wapi. Kama huwezi kulijibu hilo, usiandike jina la mtu.

Dhana: "Aibu ni tabia ya mtu, haibadiliki"

Finland ilianza mwaka 1948 kuwapa wanafunzi wote chakula cha mchana bure shuleni. Wote, wa tajiri na wa maskini. Mtoto hajui mwenzake kwao kuna nini, maana kila mtu ana sinia lake. Marekani waliopewa msaada wa chakula na serikali walikuwa wakichana kuponi za karatasi mbele ya foleni nzima dukani. Kufikia mwaka 2004 majimbo yote yalikuwa yametumia kadi ya kielektroniki, inayopitishwa kwenye mashine kama kadi nyingine. Aliyekuwa na aibu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba nyuma yake hakuna anayejua kwamba amesaidiwa.

Sisi tulihamisha meza kutoka barabarani tukaiweka ndani ya ua, na mifuko tukaanza kununua isiyo na maandishi.

Dhana: "Kuna wenye shida zaidi yangu"

Hii huisikia zaidi kutoka kwa watu wema. Mzee amefiwa na mkewe, pensheni haifiki mwisho wa mwezi, na anakwambia uwapelekee wenye watoto. Dada ana kazi, mshahara unaishia kwenye kodi ya nyumba, naye anaona msaada ni wa wasio na kazi kabisa.

Ndugu yangu, kama ni wewe unayesoma hapa, sikiliza mambo yalivyo kutoka upande wetu wa meza. Chakula kilicholetwa leo kimeshaletwa. Mikate na mboga za majani havina subira. Jioni tunahesabu vilivyobaki, tunatafuta nani bado yuko macho wa kumpigia simu, na mara nyingi tunawapigia walewale waliokwisha kuchukua asubuhi, kwa sababu ndio pekee tulio na namba zao.