Pendekezo la kubadili kanuni katika NFL: ni nini, na kura 24 zinatoka wapi

Kila mwaka, kati ya Machi na Mei, wanaofuatilia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, hukutana na habari za aina moja: klabu fulani inataka mbinu fulani ipigwe marufuku, nyingine inataka muda wa nyongeza ubadilishwe, kamati inataka teke la kuanzia lipangwe upya. Wengi huzipokea kana kwamba jambo limeshaamuliwa, na ubishi unaanza hapo hapo. Kumbe bado. Pendekezo la kanuni ni hoja iliyoandikwa rasmi, yenye maneno kamili ya kifungu kinachotakiwa kuingia, kutoka au kurekebishwa, ikiambatana na sababu zake. Inasubiri kura, na kura hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Wanaoweza kupeleka pendekezo ni klabu yoyote kati ya 32 za ligi, au Kamati ya Mashindano, chombo cha wamiliki, watendaji na makocha ambacho kwa miaka mingi kimeongozwa na Rich McKay wa Atlanta Falcons. Kamati hupitia hoja zote, hutazama picha za msimu uliopita, huwasikiliza makocha na madaktari, kisha hutoa maoni yake. Wenye kuamua ni wamiliki wa klabu katika mkutano wao wa mwaka, ambao kwa kawaida huwa Machi. Kilichobaki kiporo husogezwa hadi mkutano wa Mei. Kila klabu ina kura moja, na ili kanuni ibadilike zinahitajika kura 24, yaani robo tatu. Maana yake klabu tisa zikikataa, hoja imekufa, hata kama 23 zinaitaka kwa moyo wote.

Kwa msomaji wa soka, kiwango hicho si kigeni. IFAB, bodi inayotunga sheria za mpira wa miguu duniani, ina kura nane: nne za FIFA na moja moja za England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Sheria haipiti bila kura sita, ambazo nazo ni robo tatu. Tofauti kubwa ni kwamba katika soka klabu kama Arsenal au Simba hazina kura IFAB, ilhali katika NFL wanaopiga kura ni wale wale watakaocheza kwa kanuni hiyo Septemba. Kila mkono unaonyooshwa ukumbini una maslahi ya moja kwa moja, na ndiyo maana kizingiti kimewekwa juu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2025. Katika mchezo huu timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Philadelphia Eagles, ikibakiwa na yadi moja tu, ilikuwa na namna yake: kwotabeki Jalen Hurts, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anapokea mpira, anajipenyeza nyuma ya wenzake wa mbele, na wachezaji wawili au watatu wanamsukuma kwa nyuma. Eagles waliifanya kwa ustadi ambao wengine walijaribu kuiga wakashindwa kuufikia. Ilikuwa halali kwa sababu mwaka 2005 ligi iliondoa katazo la kumsukuma mwenye mpira, kwa kuwa marefa walipata tabu kulisimamia. Kumvuta kulibaki marufuku.

Green Bay Packers ikaleta hoja ya kuupiga marufuku msukumo huo. Sababu zilizotajwa zilikuwa usalama wa wachezaji na kasi ya mchezo. Wapinzani wakajibu kwamba takwimu za majeraha hazikuwa zimeonyesha madhara ya kuhalalisha katazo, na kwamba klabu isiadhibiwe kwa kuwa hodari. Machi ilipoisha hapakuwa na kura za kutosha, kwa hiyo hoja ikaahirishwa. Packers wakaiandika upya, safari hii ikirudisha katazo pana linalofanana na lile la kabla ya 2005: hakuna kumsukuma, kumvuta wala kumnyanyua mwenye mpira popote uwanjani. Mei, wamiliki walipokutana Minnesota, zilipatikana kura 22 za kukubali na 10 za kukataa. Zilipungua mbili. (Januari ya mwaka huo huo Eagles walikuwa wamewatoa Packers katika mchujo kwa matokeo hayo hayo, 22 kwa 10.)

Naona matokeo yale yalikuwa ya haki. Theluthi mbili ya ligi iliutaka msukumo ule uondoke, na mtu anaweza kuuliza demokrasia gani hiyo inayompa ushindi mwenye kura kumi. Lakini kanuni ya mchezo ikiweza kubadilishwa na wengi wa kawaida tu, kila bingwa atafutiwa mbinu yake baada ya msimu mmoja. Eagles walikuwa wametoka kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi, Februari, wakiwafunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22. Mwenye hoja dhidi ya bingwa anatakiwa athibitishe kwamba mchezo wenyewe unaumia. Kwamba wapinzani wanaumia haitoshi.

Na maumivu ya wapinzani ndiyo chanzo cha mapendekezo mengi. Januari 2019, Chiefs walitolewa na New England Patriots katika nusu fainali. Muda wa nyongeza ulipoanza, Patriots walishinda kura ya kurusha shilingi, wakachukua mpira na kufunga tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na kwa kanuni ya wakati ule mchezo ukaishia hapo, Chiefs wasiuguse mpira. Wakapendekeza kila timu ihakikishiwe zamu yake. Haikupita. Miaka mitatu baadaye, Januari 2022, Chiefs hao hao walishinda shilingi dhidi ya Buffalo Bills, wakafunga, wakashinda 42 kwa 36, na safari hii Bills ndio waliobaki wakitazama. Baada ya mchezo ule, mmoja wa michezo mikubwa ya mchujo watu waliyowahi kuona, Eagles na Indianapolis Colts wakaleta hoja ya zamu mbili, na ikapita kwa 29 dhidi ya 3, kwa michezo ya mchujo tu. Msimu wa kawaida ulisubiri hadi 2025. Hoja ilikuwa karibu ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya klabu zilizokuwa zimeona kwa macho yao ubaya wa kanuni ya zamani.

Hasira, hata hivyo, hukosea pia. Katika nusu fainali nyingine ya Januari 2019, jijini New Orleans, beki wa Los Angeles Rams alimgonga mpokeaji wa Saints, timu ya mji huo, kabla mpira haujamfikia, mbele ya macho ya refa, na filimbi haikulia. Rams wakaenda Super Bowl. Machi hiyo wamiliki wakapitisha kwa kura 31 dhidi ya 1 kwamba makosa ya kumzuia mpokeaji, yawe yameamuliwa au yameachwa, yaweze kukaguliwa kwa video. Ulikuwa umoja wa nadra sana. Msimu ulipoanza, maofisa wa video wakawa wanabadilisha maamuzi mara chache mno, makocha hawakujua kipimo ni kipi, mashabiki wakazidi kuchoka. Mwaka 2020 kanuni hiyo haikuhuishwa. Yeyote aliyesononeshwa na VAR kwa mambo ya mkono na bega la kuotea anaijua hali hiyo.

Iliweza kuondoka kimya kwa sababu ilipitishwa kwa mwaka mmoja tu, na hiki ni kipengele ambacho habari nyingi hukisahau. Pendekezo linaweza kukubaliwa kwa majaribio, na msimu ukiisha lisipopigiwa kura tena linajifia. Teke jipya la kuanzia lilipita njia hiyo Machi 2024, kwa 29 dhidi ya 3. Zamani wachezaji walikimbiliana toka mbali na kugongana kwa kasi kubwa, na kwa kuogopa majeraha ligi ilikuwa imelegeza kanuni hadi mipira mingi ikawa hairudishwi kabisa. Mpangilio mpya, uliotokana na XFL, ligi nyingine ya futiboli ya Marekani, uliziweka timu mbili karibu, na wengi wao hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira udondoke au uguswe. Mipira iliyorudishwa iliongezeka, na mwaka 2025 kanuni ikafanywa ya kudumu. Rekebisho lilikuwa hili: mpira ukipigwa moja kwa moja hadi eneo la mwisho, timu inayoupokea inaanzia yadi ya 35 ya upande wake badala ya 30, ili mpigaji asiione njia hiyo kuwa rahisi.

Jambo linalonikera katika utaratibu huu wote ni nani hayupo kwenye kura. Mwaka 2024 wamiliki walipiga marufuku aina ya ukabaji ambayo mkabaji humshika mwenye mpira, huzungusha nyonga na kuachia uzito wake juu ya miguu ya mwenzake. Adhabu ni yadi 15 na jaribio la kwanza jipya, yaani hesabu ya majaribio manne inaanza upya. Dhamira ilikuwa kulinda vifundo na magoti, na sina shaka nayo. Lakini chama cha wachezaji, NFLPA, kiliipinga waziwazi kabla ya kura, kikisema kanuni hiyo itawachanganya wachezaji, makocha, marefa na mashabiki. Kanuni ikapita. Beki anayemkimbiza mtu mzito kuliko yeye ana kufumba na kufumbua tu kuamua aangushe vipi mwili wake, na kauli yake ilihesabiwa kama maoni ya mtu wa nje. Kura 32 ni za klabu. Chama kikipewa walau mbili au tatu katika kanuni zinazogusa mwili wa mchezaji, kizingiti cha robo tatu kitabaki pale pale, na mapendekezo ya usalama yatapimwa na wale watakaoumia.