Kushindilia Taka za Biashara: Lini Mashine Hupunguza Gharama na Lini Haipunguzi

Mtu yeyote aliyewahi kununua viazi mviringo Uyole, jijini Mbeya, anaijua lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba mpaka likafungwa kwa kamba za kusukwa. Gari likilipwa kwa gunia na si kwa kilo, kila kiazi kilichozidi kipimo husafiri bure. Lumbesa humpunja mkulima, na imepigwa marufuku kwa sababu hiyo, lakini hesabu iliyomo ndani yake ni sahihi. Cha kushangaza ni kwamba mfanyabiashara huyohuyo anayeielewa hesabu hiyo sokoni huifanya kinyume anapofika kwenye taka za duka lake: hujaza tela la trekta maboksi matupu yaliyosimama wima, kisha hulipia safari nzima ya kupeleka hewa dampo.

Mashine za kushindilia taka zimebuniwa kuitoa hewa hiyo. Ndani yake mna bamba zito la chuma linalosukumwa kwa mgandamizo wa mafuta ya haidroli, kwa kanuni ileile ya jeki anayotumia fundi wa malori: pampu ndogo husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni pana, na nguvu ya mota isiyo kubwa hugeuka kuwa msukumo wa tani kadhaa. Zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza hushindilia taka mchanganyiko ndani ya kontena la chuma, ambalo baadaye hubebwa lote na lori na kwenda kumwagwa. Ya pili hupokea taka kavu za aina moja, kama maboksi au nailoni, huziminya na kuzifunga kwa waya zikawa robota, mfano wa marobota ya mitumba yanayofunguliwa alfajiri katika soko la Mwanjelwa, Mbeya. Kwa maduka, maghala na hoteli nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, hii ya pili ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza, kwa kuwa ile ya kontena inahitaji lori maalumu la kunyanyulia, na mahali ambapo lori hilo halipatikani, mashine hugeuka pambo la uani.

Jambo ambalo wauzaji wa mashine hizi hawalisemi kwa sauti ni kwamba kushindilia hupunguza ujazo tu, wala hakupunguzi uzito. Taka kavu za biashara kwa kawaida hupungua ujazo kati ya mara tatu na mara sita. Maboksi yaliyotupwa bila kubomolewa huwa na uzito wa kilo 50 hivi katika kila mita moja ya ujazo, na mashine ya wastani yaweza kuyafikisha kilo 300. Hata hivyo, zikiingia kilo 600, zitatoka kilo 600. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mwenye biashara halihusu bei ya mashine, bali linahusu risiti anazopewa na mzoaji: analipia nini hasa? Anayelipa kwa safari ya tela au ya lori ataokoa fedha ikiwa safari zitapungua. Anayelipa kwa uzito hataokoa chochote kwa kushindilia peke yake, na atabaki na deni la mashine. Anayelipa ada moja ya mwezi iliyowekwa na sheria ndogo za halmashauri, kiwango kilekile awe na ndoo mbili au ghuba zima la taka, naye hataona tofauti yoyote. Huyu hana budi kwanza kuzungumza na halmashauri au mzoaji aliyepewa kazi, wakubaliane malipo yafuate idadi ya safari, na makubaliano hayo yaandikwe kabla mashine haijashushwa kwenye gari.

Tuchukue mfano, ambao tarakimu zake ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu. Duka kubwa linatoa mita 20 za ujazo za taka kwa wiki, 12 kati yake zikiwa ni maboksi. Tela lina uwezo wa mita 5 za ujazo na kila safari ni shilingi 40,000, kwa hiyo duka hulipia safari nne. Maboksi yakifungwa marobota na kuuzwa, zinabaki mita 8, ambazo ni safari mbili. Akiba ni shilingi 80,000 kwa wiki, sawa na shilingi 4,160,000 kwa mwaka. Umeme, waya na matengenezo vikigharimu shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, akiba halisi ni shilingi 3,440,000. Mashine iliyogharimu shilingi milioni 12 pamoja na kuifunga itakuwa imerudisha fedha yake baada ya miaka mitatu na nusu hivi.

Hesabu hiyo inapendeza, na hivyo ndivyo wengi wanavyoonyeshwa, lakini imeficha kitu. Imelinganisha mashine na uzembe, wakati ilipasa kuilinganisha na kisu. Kijana mmoja mwenye kisu cha dukani, akibomoa maboksi na kuyalaza, huweza kuzishusha zile mita 12 zikawa nne au pungufu, na taka zote zikawa mita 12, ambazo ni safari tatu. Mashine ikipimwa dhidi ya hali hiyo, inaokoa safari moja tu kwa wiki: shilingi 2,080,000 kwa mwaka, ukitoa gharama za uendeshaji zinabaki 1,360,000, na fedha ya ununuzi inarudi baada ya karibu miaka tisa. Tena kama maboksi hayo yaliyolazwa yanachukuliwa mlangoni na waokotaji wenye maguta, akiba ya safari inayoletwa na mashine ni sifuri. Ndiyo maana tunashauri kila biashara ianze na kisu na kamba kwa miezi mitatu kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote.

Mashine huanza kujilipa pale maboksi yanapokuwa mengi kuliko mikono, au mnunuzi anapokuwa mbali. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kwa umbali huo hakuna anayeweza kusafirisha maboksi yaliyolazwa tu, kwa kuwa lori hujaa kabla halijafikia hata nusu ya uzito linaoruhusiwa kubeba. Marobota hujaza lori kwa uzito. Hapo bei ya maboksi huwa na maana, ingawa tunamsihi mwenye biashara asiiweke bei hiyo kwenye hesabu ya kujilipa kwa mashine, kwa kuwa hupanda na kushuka bila kumwuliza. Duka moja mara nyingi halifikii kiwango hicho cha maboksi. Maduka kumi ya jumla katika mtaa mmoja, au wafanyabiashara wa soko zima walio tayari kuchangia mashine moja na mwendeshaji mmoja anayelipwa, hufikia.

Kuhusu taka mbichi, ambazo katika masoko yetu ndizo nyingi kuliko zote, tunaweza kuzungumza wazi: usizishindilie. Zaidi ya asilimia 90 ya kabichi ni maji, nyanya hali kadhalika, na kiazi ni maji kwa karibu asilimia 80. Katika taka za namna hiyo hewa ni kidogo, hivyo mashine itakamua maji yenye uchachu yatakayovuja sakafuni, kunuka, kuita nzi na kula chuma cha mashine yenyewe. Njia ya kupunguza gharama yake ni kuzitenga tangu jikoni au mezani. Majani na maganda hufaa mboji, na mashamba ya kuihitaji hayako mbali na mji wowote wa ukanda huu. Mabaki ya chakula cha hoteli huchukuliwa na wafugaji wa nguruwe, jambo jema ikiwa tu yatachemshwa, kwa kuwa mabaki yenye nyama ya nguruwe huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba unaoweza kumaliza banda zima. Yachemke kwa nusu saa walau, huku yakikorogwa. Mwenye hoteli anayetenga mabaki hayo hupata faida ya pili: maboksi yake hayalowi mchuzi, na boksi lililolowa mchuzi halina mnunuzi.

Yupo pia anayeagiza mashine kwa picha bila kumweleza muuzaji itakakofungwa. Mota nyingi za umeme huandikiwa uwezo wake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi, na Njombe ni juu zaidi. Hewa nyepesi ya huku hupoza mota kwa shida. Baridi yetu husaidia kiasi, lakini mashine itakayofanya kazi mfululizo yafaa ichaguliwe yenye mota kubwa kidogo kuliko ile inayotosha Pwani. Baridi hiyohiyo huyafanya mafuta ya mashine kuwa mazito asubuhi za Juni na Julai, na pampu hulia na kuchakaa. Mahali pa baridi kali, fundi aulizwe kama mtengenezaji anaruhusu mafuta mepesi ya daraja la 32 badala ya 46. Mashine nyingi za namna hii huhitaji umeme wa fezi tatu, kwa hiyo ni muhimu kufunga kinga inayozima mota pale fezi moja inapokatika, kwa kuwa mota inayoendelea kuvuta kwa fezi mbili huungua haraka.

Usalama hauhitaji maneno mengi, ila unahitaji ukali. Bamba linaloliminya boksi gumu kama karatasi halitautambua mkono. Mashine isiyozimika mlango unapofunguliwa haifai kununuliwa hata kwa bei ya kutupwa, na kufuli ya usalama iliyofungwa kwa waya ili kazi iende haraka ni kosa ambalo msimamizi anapaswa kulijibia chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Boksi likikwama, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Makopo ya dawa ya kupulizia, mitungi midogo ya gesi, betri za simu na mirija ya taa visiingie kamwe, kwa kuwa vya kwanza hulipuka, betri huwaka, na mirija ya taa hutoa mvuke wa zebaki. Kontena lililowekwa nje ligongwe na kukaguliwa kabla ya kuwashwa, hasa nyakati za baridi, kwa kuwa mtu asiye na pa kulala huweza kuwa ameingia ndani kutafuta joto.

Marobota yakishafungwa yahifadhiwe chini ya paa, juu ya mbao, mbali na jiko na nyaya. Anayefanya biashara Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, asidanganyike na turubai: unyevu hupanda kutoka chini, na mnunuzi mzoefu huingiza mkono katikati ya robota kabla hajataja bei.