Nembo siyo fundi: dhana potofu kuhusu studio za Hollywood

Kabla filamu haijaanza, nembo hupita: mlima uliozungukwa na nyota, dunia inayozunguka, simba anayenguruma. Wengi huzisoma kama jina la fundi aliyeitengeneza kazi. Mimi huzisoma kama hati ya nyumba, tena hati isiyotaja warithi wote.

Dhana: Tamthilia iliyoko Netflix imetengenezwa na Netflix.

Si lazima. House of Cards, iliyotoka mwaka 2013 na kuipa Netflix heshima ya kuwa na tamthilia zake, ilitengenezwa na kampuni nyingine, Media Rights Capital. Ted Lasso inaonyeshwa na Apple, lakini imetengenezwa na Warner Bros. pamoja na Universal. Friends nayo ilirushwa na NBC kuanzia 1994, ila mwenye mali alikuwa Warner Bros. Ndiyo maana mwishoni mwa 2019 iliondoka Netflix ya Marekani, na mwaka uliofuata ikaibukia HBO Max, huduma ya kampuni hiyo hiyo. Ukikuta kipindi ukipendacho kimetoweka, mara nyingi mkataba umekwisha na mwenyewe amekuja kuchukua chake.

Dhana: Mashujaa wote wa Marvel ni wa Disney.

Hapa ndipo mambo yananoga. Disney iliinunua Marvel, kampuni ya mashujaa wa katuni, mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4. Lakini Marvel hiyo iliwahi kufilisika, mwaka 1996, na katika miaka ya 1990 haki za filamu za mashujaa wake wakubwa zilitoka nje: X-Men wakaenda Fox, Spider-Man akaenda Sony. Kwa hiyo Disney ilinunua nyumba ambayo vyumba vyake bora vilikuwa na wapangaji wasiohamishika. X-Men walirudi mwaka 2019, Disney ilipolipa takriban dola bilioni 71 kununua sehemu kubwa ya 21st Century Fox. Spider-Man wa sinema bado yuko Sony. Tunamwona pamoja na wenzake wa Marvel kwa sababu ya makubaliano ya mwaka 2015. Agosti 2019 makubaliano hayo yalivunjika, mashabiki wakapiga kelele, na mwezi uliofuata wakubwa wakapatana.

Dhana: Studio ni mahasimu wasioketi meza moja.

Titanic ya 1997 inatosha. Fox ilipoona gharama zinapanda, iliikaribisha Paramount ibebe sehemu ya mzigo. Paramount ikasambaza Marekani na Kanada, Fox kwingineko.

Dhana: Filamu ikiuza tiketi za dola milioni 300, studio imevuna milioni 300.

Majumba ya sinema hubaki na karibu nusu. Matangazo nayo hayahesabiwi katika bajeti inayotajwa magazetini, na kwa filamu kubwa yanaweza kumeza makumi ya mamilioni. Lakini usiwaonee studio huruma haraka. Mwandishi Art Buchwald aliishtaki Paramount kuhusu wazo la Coming to America, filamu ya 1988 iliyoingiza zaidi ya dola milioni 280. Alishinda mwaka 1990, na studio ikajitetea kwamba filamu haikuwa na faida halisi ya kugawana! Tangu zamani wajanja huomba fungu la mapato ghafi, kabla makarani hawajaanza kutoa gharama.

Dhana: Sheria ya Marekani inazikataza studio kumiliki majumba ya sinema.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1948 ndiyo iliyozilazimisha studio kubwa kuachana na majumba yao. Masharti yaliyotokana nayo yalifutwa mwaka 2020, na 2024 Sony ikanunua Alamo Drafthouse, kampuni ya majumba ya sinema.

Dhana: Filamu ikikamilika, lazima itoke.

Batgirl ilikwisha kupigwa, ikaripotiwa kugharimu takriban dola milioni 90, kisha Agosti 2022 Warner Bros. Discovery ikaamua isionyeshwe popote, ikaiandika kama hasara kwenye hesabu za kodi. Coyote vs. Acme ilipangiwa kaburi hilo hilo mwaka 2023. Safari hii kelele zilikuwa nyingi mno, na mwaka 2025 ikauzwa kwa msambazaji mdogo, Ketchup Entertainment.