Babu aliyefungwa hafutwi kwenye kitabu cha ubatizo

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya ukoo huku Mbeya na Iringa: eti jina la babu likikosekana parokiani, alifungwa na mkoloni, kanisa likamfuta. Si kweli.

Kitabu cha ubatizo hakifutwi. Nyongeza huandikwa pembeni mwa jina, kama vile kipaimara na ndoa. Kifungo hakimo.

Jina hukosekana kwa sababu nyingine. Vitabu hufuata tarehe ya ubatizo, na wengi walibatizwa watu wazima, kwa hiyo ukitafuta mwaka wa kuzaliwa tu utamkosa. Parokia ikigawanywa, vitabu vya zamani kwa kawaida hubaki parokia mama. Tena tahajia: Mjerumani aliandika alivyosikia, Mwakajila akaweza kuwa Muakadschila.

Anza na wazee: jina la ubatizo, msimamizi, kijiji. Mwombe paroko kitabu cha parokia mama, upekue miaka kumi mbele na nyuma. Kifungo kitafute kwenye majalada ya wilaya, kwenye nyaraka za taifa Dar es Salaam. Hapo wengi hukwama: wanaomba "Mbeya", wakati enzi za Wajerumani makao ya wilaya yalikuwa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu. Na ukimpata, soma kosa. Enzi za mkoloni hata kushindwa kodi kuliweza kumpeleka mtu jela.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Umeshawatia watu aibu bure.