Je, wajua kwanini waini nyekundu ya Burgundy ikizeeka inapauka rangi, halafu bei ndo kwanza inapanda?

Siku ya kwanza kumimina waini ya zamani nilijua nimeharibu kazi. Ilikuwa hotelini, mzee mmoja wa Kifaransa na mkewe wamekuja na chupa yao wenyewe, Volnay ya 1993 (waini nyekundu ya Burgundy), wanasherehekea ndoa yao, mimi ndo mhudumu wa meza ile. Namimina naona rangi kama chai ya rangi iliyopoa, pembeni ya glasi imekuwa ya tofali kabisa, na chini ya chupa kuna uchafu uchafu mweusi umetulia. Nikajisemea hapa leo narudishiwa chupa na maneno juu. Mzee akanusa, akafumba macho, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa, halafu akasema kalete glasi yako na wewe.

Nilichonusa pale hakikuwa zabibu wala tunda lolote mbichi. Ilikuwa uyoga, majani makavu ya msituni yaliyonyeshewa jana, ngozi ya mkoba wa zamani, na kwa mbali sana kitu kama stroberi iliyokaushwa. Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kuulizauliza, na leo nawamwagia nilichokipata. Kama hunywi pombe we soma tu kama somo la kemia, hakuna ubaya.

Kwanza Burgundy yenyewe. Ni mkoa wa mashariki ya Ufaransa, na ile sehemu maarufu inaitwa Côte d'Or, ukanda mwembamba wa vilima kuanzia karibu na mji wa Dijon kushuka hadi kupita Beaune. Waini nyekundu ya pale inatengenezwa na zabibu moja tu kimsingi, Pinot Noir. Hii habari ni ya zamani, mwaka 1395 mtawala wa huko Philippe le Hardi alipiga marufuku zabibu nyingine iliyoitwa Gamay, akaiita mbaya na ya kudhuru watu, kisa ilikuwa inazaa sana na waini yake aliiona ya hovyo. Baada ya hapo kila kipande cha shamba kina jina lake na sifa yake, yaani hatua chache tu ukivuka kajinjia bei inabadilika mara tatu. UNESCO walivitambua vipande hivyo 1,247 mwaka 2015. Juu kabisa kuna mashamba 33 ya daraja la Grand Cru, ambayo waini yake ni kama asilimia 1 au 2 tu ya inayotoka mkoa mzima, chini yake Premier Cru, halafu waini za kijiji, halafu za kawaida zilizoandikwa Bourgogne tu.

Sasa Pinot Noir ina ganda jembamba. Hapo ndipo hadithi yote inapoanzia, maana maji ya zabibu yenyewe hayana rangi, rangi inatoka kwenye ganda, na ganda likiwa jembamba rangi inakuwa kidogo. Tena hiyo rangi kidogo iliyopo ni ya aina isiyo imara sana, zabibu nyingine nyingi nyekundu zina rangi zilizoshikizwa kikemia kiasi kwamba haziachii kirahisi, Pinot haina hizo. Kwahiyo hata ikiwa mpya haiwi nyeusi tii, inakuwa nyekundu ya kung'aa, ukiweka kidole nyuma ya glasi unakiona. Watu wengi wanadhani waini ikiwa nzito rangi ndo nzuri, kwa Burgundy huo mtego utakuumbua.

Kitu cha pili kinachotoka kwenye ganda na kokwa ni tanini. Kama umewahi kung'ata bibo la korosho ambalo halijaiva vizuri unaijua tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi mpaka unahisi meno yamevaa soksi. Chai iliyochemka kupita kiasi bila maziwa ni hiyohiyo. Tanini inashikana na protini za kwenye mate, mate yanapoteza utelezi, mdomo unakuwa mkavu. Waini changa ina huo ukakasi, na ndo maana Burgundy nzuri ya shamba kubwa ukiifungua ina miaka miwili mitatu inaweza kukuchukiza kabisa, ukajiuliza pesa yote hii kwa kitu kinachoukunja mdomo hivi.

Ndani ya chupa mambo yanaendelea taratibu. Chembe za rangi na za tanini zinaanza kuungana, moja na nyingine, minyororo inarefuka, inakuwa mizito, mwisho waini haiwezi kuibeba tena inazama chini. Yale mashapo meusi niliyodhani ni uchafu ndo rangi na ukakasi wa miaka yote umelala pale chini. Kinachobaki juu ni chembe mpya zilizozaliwa kwenye muungano huo, ambazo zinaelekea rangi ya chungwa na kahawia. Kwahiyo safari ya rangi ni hii: inaanza kama juisi ya rozela, inapita kwenye damu ya mzee, inaishia tofali, na mabadiliko yanaanzia pembeni ya glasi kabla ya kufika katikati. Cha kuchekesha waini nyeupe inafanya kinyume, ikizeeka rangi inakolea.

Harufu nayo inahama. Waini ikiwa changa inanukia matunda, cheri, rasiberi, na kama imelala kwenye mapipa mapya ya mwaloni (pipa la kule ni lita 228) unapata vanila na moshi kidogo. Zile chembe zinazobeba harufu ya tunda nyingine zinavunjika kadiri miaka inavyokwenda, na oksijeni kidogo sana inayopenya kwenye kizibo inasaidia kuzaa harufu mpya, ndo hizo za uyoga na msitu na ngozi, mara nyingine nyama ya porini. Haya mambo hayaji bure ujue, unalipa kwa tunda. Kila mwaka unatoa tunda kidogo unapokea uyoga kidogo. Swali la mtu anayeonja sio waini ina umri gani, ni biashara hiyo imefika wapi, bado kuna faida au duka limeshafungwa.

Hapo sasa inakuja kitu ambacho mimi nilichelewa kukielewa: asidi haiondoki. Burgundy ni sehemu ya baridi, zabibu inaiva polepole, inavunwa mara moja tu kwa mwaka (Dodoma wanavuna mara mbili), kwahiyo waini inakuwa na uchachu wa kutosha. Tanini inalainika, rangi inazama, tunda linafifia, lakini asidi inabaki palepale karibu ileile. Ndo inayoibeba waini miaka yote hiyo maana Pinot haina tanini nyingi za kuitegemea. Lakini ndo hiyohiyo inayoiumbua mwishoni, tunda likishaisha kabisa asidi inabaki peke yake kama limao lililokamuliwa kwenye maji matupu. Ukionja waini ya zamani ukahisi imekonda, kali mwishoni, katikati hakuna kitu, hiyo imepitiliza, hata kama lebo ina jina la kutisha.

Basi ukiwa na glasi mkononi unafanyaje. Mimi naanza na chupa kabla ya kufungua: waini imeshuka kiasi gani chini ya kizibo. Sentimita 2 au 3 kwa chupa ya miaka 30 hainisumbui, ikizidi 5 naanza kuwa na wasiwasi, hewa imeingia sana. Halafu glasi, inamishwe juu ya karatasi nyeupe au kitambaa cha meza, uangalie pembeni. Tofali kwenye waini ya miaka 25 ni heshima, tofali kwenye waini ya miaka 4 ni kesi, kuna mahali imepigwa joto. Na iwe inang'aa, hata kama imepauka, ikiwa na ukungu kama maji ya kuoshea vyombo hapo kuna tatizo (isipokuwa kama wewe ndo umeitikisa ukachanganya mashapo, kosa ni lako, chupa ya zamani inasimamishwa wima siku moja au mbili kabla ya kufunguliwa).

Kunusa ndo kazi yenyewe. Nusa kabla hujazungusha glasi, halafu zungusha kidogo unuse tena. Harufu ya boksi lililoloa au gazeti la stoo yenye unyevu maana yake kizibo kina ugonjwa, hiyo hairekebishiki, rudisha. Siki au rangi ya kucha, mbaya pia. Harufu ya msitu na uyoga bila tunda lolote, mmh, imeshazeeka. Vyote viwili pamoja, tunda bado lipo japo limekauka kidogo na msitu umeingia, hapo umeikuta nyumbani.

Mdomoni usimeze haraka. Sikilizia ukakasi upo wapi, kama ni wa bibo bichi au umekuwa laini kama unga uliochekechwa vizuri. Halafu ukishameza hesabu. Wafaransa wana kipimo kabisa cha ladha inavyokaa baada ya kumeza, kaudali moja ni sekunde moja, waini ya kawaida inapotea mara moja, Grand Cru iliyofika inaweza kukaa sekunde kumi na kitu na bado inabadilikabadilika. Kwangu mimi hiki ndo kipimo kisichodanganya, rangi inaweza kukudanganya na lebo ndo kabisa, ila urefu huwezi kuuigiza.

Na lebo inadanganya kweli. Mwaka 2008 huko New York chupa kadhaa za waini ya shamba la Clos Saint-Denis, zenye jina la watengenezaji Domaine Ponsot, ziliwekwa mnadani, nyingine zimeandikwa 1945, na mwenye jina lake Laurent Ponsot akapanda ndege kwenda kuzuia mwenyewe, maana familia yake ilianza kutengeneza waini ya shamba lile miaka ya 1980. Zilikuwa zimetoka kwa Rudy Kurniawan, ambaye alikuwa anachanganya waini nyumbani na kubandika lebo za zamani, akaja kuhukumiwa miaka 10 jela mwaka 2014. Matajiri wengi walikuwa wameshakunywa na kusifia. Kwa upande wa pili, chupa moja ya Romanée-Conti ya 1945 iliuzwa New York mwaka 2018 kwa dola 558,000, mwaka huo wa 1945 walitoa chupa kama 600 tu halafu wakang'oa mizabibu yote ya shamba lile, eka nne na nusu hivi. Bei ile sio ya ladha jamani, hakuna ladha ya bei hiyo, ile ni bei ya kitu kisichorudi.

Waini nyingi kabisa za Burgundy hazitakiwi kusubiri. Bourgogne ya kawaida inywe ndani ya miaka mitatu hadi mitano, ya kijiji mitano hadi kumi, Premier Cru nzuri unaweza kusukuma hadi kumi na tano, Grand Cru ndo hizo za ishirini na thelathini. Mwaka wa mavuno nao unaamua, 2005 ilikuwa na tanini za kutosha kwahiyo inakwenda mbali, 2003 jua lilichoma Ulaya nzima na waini nyingi zikatoka na ladha ya zabibu kavu. Kuna na kipindi katikati waini inajifunga, ulikuwa unaijua ina matunda, unaifungua baada ya miaka sita inakaa kimya kama mtoto aliyenuna, sio kwamba imekufa, iache tu.

Joto ndo adui namba moja na hapa kwetu tunaumia. Waini inataka nyuzi 12 au 13 muda wote, gizani, imelazwa ili kizibo kisikauke. Hotelini tulikuwa na Burgundy nyingine nyekundu, Gevrey-Chambertin nzuri tu, meneja akaiweka rafu ya juu kaunta ya baa ili wageni waione, chini yake friji inapuliza joto usiku na mchana. Miezi minane. Tulipoifungua kizibo kilikuwa kimesukumwa nje kidogo na ilinukia jemu iliyopikwa. Na kwenye kunywa pia ule usemi wa joto la chumba ulitungwa na watu wenye vyumba vya baridi, ipoze kidogo ifike 15 au 16 ndo uimimine, kwenye glasi pana yenye tumbo. Ikiwa ya zamani sana usiimwage kwenye jagi ipigwe na hewa, inaweza kukata roho ndani ya nusu saa. Mimina kidogokidogo uifuatilie.

Yule mzee wa Volnay wakati anaondoka alinizuia nisioshe glasi yake, akasema iache mpaka asubuhi. Nikaificha nyuma ya mashine ya kahawa. Asubuhi nimekuja kufungua kazi, glasi imekauka, tone limebaki chini kama doa la kutu, nikaweka pua, ikawa inanukia asali na tumbaku, na ile stroberi bado ipo.